Kichujio cha SAW cha Bendi ya 8: mwanya wa 10 MHz unaliwa na joto, nifanyeje?

nalubaale_rf (Kampala)

Wakubwa zangu, hamjambo. Nasanifu kwenye kompyuta kichujio cha SAW (cha wimbi la mtikisiko linalopita juu ya uso wa fuwele) cha kupokea cha simu, Bendi ya 8, yaani 925 hadi 960 MHz, ile 900 ambayo minara yetu imeitumia tangu enzi za GSM. Simu inatuma kwenye 880 hadi 915 MHz, kwa hiyo mwanya kati ya kutuma na kupokea ni 10 MHz tu.

Fuwele niliyochagua ni lithi tantalati ya mkato wa 42° Y-X, vidole, yaani vijistari vya metali vinavyoamsha wimbi juu yake, ni vya alumini. Muundo ni wa ngazi: resoneta (kila moja seti ya vidole vyenye masafa yake) tatu za mfululizo na tatu za kwenda grandi, yaani ardhi ya saketi, zikipokezana. Kasi ya wimbi chini ya alumini nene nimeichukua kuwa mita 4,050 kwa sekunde. Nikiigawa kwa 942.5 MHz napata urefu wa wimbi wa mikroni 4.3, kidole mikroni 1.07 na nafasi mikroni 1.07. Resoneta zote sita nimezipa kapasitansi moja, 3.4 pF, kwa sababu ndiyo inayolingana na ohm 50 kwenye masafa hayo.

Matatizo ni mawili. Uzuiaji kwenye 880 MHz unaishia karibu 19 dB, na mimi nahitaji 50. Tena nikipandisha joto la fuwele hadi nyuzi 85, ukingo wa juu unashuka na 960 MHz inapoteza karibu 3 dB. Nimejaribu kusogeza vidole, nikitengeneza huku kunaharibika kule. Ukubwa wa kila resoneta unapatikana kwa kanuni gani? Au niachane na SAW niende kwenye BAW, ambako wimbi linapita ndani ya utando?

Mhandisi_Owen_Falls (Jinja)

Usiachane nayo. Kwa 900 MHz SAW ndiyo mahali pake. BAW inategemea unene wa utando: masafa ni kasi gawa kwa mara mbili ya unene, na kwenye nitridi ya alumini wimbi la wima linakwenda karibu mita 11,000 kwa sekunde. Kwa 942 MHz utahitaji utando wa karibu mikroni 6 ukiacha elektrodi. Ni mnene, unachukua muda mrefu kupakwa, na resoneta ya ohm 50 inakuwa pana mno. BAW inaanza kulipa juu ya 1.5 GHz hivi, ambako vidole vya SAW vinaanza kuwa vyembamba kupita uwezo wa maski za kawaida (vioo vya kuchapishia vidole kwa mwanga).

Kosa lako ni mpangilio wa kazi. Umeanza na vidole, na vidole ni hatua ya mwisho. Anza na mwanya.

Fuwele hiyo inashusha masafa kwa karibu sehemu 40 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kichujio cha simu kwa kawaida kinatakiwa kifanye kazi kuanzia −30 hadi +85, na sisi tunasanifu kwa 25. Kwa hiyo kwenye baridi kichujio chote kinapanda karibu 2.0 MHz, kwenye joto kinashuka karibu 2.2 MHz. Weka pia 1 MHz kila upande kwa makosa ya utengenezaji. Sasa pima: ukiwa nyuzi 25, kichujio lazima kiwe tayari kinapitisha kuanzia 922 MHz, maana baridi na kosa vitasukuma ukingo huo hadi 925. Vilevile lazima kiwe bado kinazuia hadi 918.2 MHz, maana joto na kosa vitaishusha alama hiyo hadi 915. Kutoka 918.2 hadi 922 ni 3.8 MHz. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kupanda kutoka uzuiaji kamili hadi upitishaji kamili, si 10.

Upande wa juu, joto linashusha ukingo 2.3 MHz na kosa 1 MHz, kwa hiyo sanifu hadi 963.3. Mkanda wako halisi ni 922 hadi 963.3, upana wa 41.3 MHz, wala si 35. Hapo ndipo zile 3 dB zako za 960 zilipotokea.

Sasa ukubwa wa resoneta. Mbali na masafa yake ya mwangwi (rezonansi), kila resoneta ni kapasita tu, na ngazi nzima inakuwa kigawanyo cha kapasita. Kinachoamua uzuiaji ni uwiano wa kapasitansi ya resoneta ya grandi kwa ile ya mfululizo. Ukiweka uwiano wa 1 kama ulivyofanya, hatua moja (mfululizo mmoja na grandi mmoja) inazuia 3.5 dB, hatua mbili 11, hatua tatu 19. Uigaji wako hauna kosa, umekupa jibu sahihi la muundo dhaifu. Kwa uwiano wa 2 unapata 6, 17, 28, na hatua ya nne inakufikisha 40. Uwiano wa 3 kwa hatua nne unafika 48, ila mkanda wa kupitisha unabana na kupanda na kushuka kwa upitishaji ndani yake kunaongezeka. Kwa upana unaoutaka, mimi ningebaki karibu na 2.

Sharti la ohm 50 halisemi kila resoneta iwe 3.4 pF. Linasema kipeuo cha pili cha zao la hizo mbili kiwe 3.4. Kwa uwiano wa 2 basi, mfululizo 2.4 pF, grandi 4.8 pF. Kwenye lithi tantalati kadiria 0.44 pF kwa kila jozi ya vidole kwa kila milimita ya mwingiliano, yaani urefu ambao vidole vya pande mbili vinapitana. Ukichukua mwingiliano wa mawimbi 20, yaani mikroni 86, resoneta ya mfululizo inahitaji jozi 63. Ya grandi, ambayo wimbi lake ni refu kidogo, inahitaji jozi 122 hivi.

Mwingiliano usiufanye mrefu kiholela. Kwa kapasitansi ile ile, ukizidisha urefu wa vidole mara mbili, ukinzani wa alumini unaongezeka mara nne, kwa sababu kila kidole kinakuwa kirefu na idadi yao inapungua. Ukiufupisha chini ya mawimbi 10, wimbi linatawanyika pembeni na ubora wa resoneta (Q, kipimo cha jinsi isivyopoteza nguvu) unaporomoka. Baki kati ya 15 na 30.

fuwele_nyeusi (Mbarara)

Naongezea pale alipoishia mzee wa Jinja, kuhusu mahali pa kuweka masafa.

Resoneta ina pointi mbili: ya mwangwi, ambako impidansi inashuka karibu na sifuri, na ya kinyume chake, ambako inapanda sana. Kwenye fuwele hii umbali kati yake ni karibu asilimia 3.5. Resoneta ya mfululizo mwangwi wake unakaa katikati ya mkanda, 942.5 MHz, na kinyume chake kinaangukia 975.5: hilo ni shimo lako la juu. Ya grandi inageuzwa: kinyume cha mwangwi ndicho kinachokaa 942.5, mwangwi wenyewe unaangukia 910.6, na hilo ni shimo la chini.

Kwa uigaji usianze na mfano mzito wa vidole. Tumia saketi ya kawaida ya resoneta: kapasita C0, sambamba nayo tawi lenye koili Lm, kapasita Cm na ukinzani Rm. Uwiano wa Cm kwa C0 ni (1.035)² toa 1, yaani 0.071. Kwa mfululizo wako wa 2.4 pF, Cm ni 0.17 pF, Lm ni karibu 167 nH. Ukichukua ubora wa 800, Rm ni ohm 1.24. Ongeza ohm 0.3 hadi 0.5 mbele yake kwa ajili ya njia za metali. Ngazi nzima inaandikwa kwenye Qucs (programu ya kuiga saketi) kwa dakika chache, au kwenye Python kwa scikit-rf kama unataka iboreshe namba yenyewe. Ukiridhika na namba hizo ndipo uende kwenye vidole.

Tazama tatizo lako lakini. Shimo la chini liko 910.6 na wewe unataka uzuiaji uwe mzito hadi 918.2. Resoneta zote tatu za grandi zikikaa sehemu moja, utakuwa na shimo refu mahali pasipohitajika sana, na kingo laini mahali panapouma. Zitawanye. Moja iache karibu na 905 ifanye kazi ya chini, ya pili 911, na moja ipandishe mwangwi wake hadi karibu na 917. Hiyo ya tatu ikiachwa na umbali wake wa asilimia 3.5, mteremko wake ni mlegevu, utakula 922 yako. Iwekee kapasita sambamba. Kapasita ya ziada haigusi mwangwi, inavuta chini kinyume chake tu, kwa hiyo umbali unapungua na ukingo unasimama wima. Kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5 unahitaji kapasita ya ziada ya karibu 0.41 ya C0. Inachorwa kwenye fuwele hiyo hiyo kwa vidole vilivyogeuzwa nyuzi 90, visiweze kuamsha wimbi ndani ya mkanda. Bei yake ni kwamba C0 ya resoneta yenyewe lazima uipunguze, jumla ibaki kwenye hesabu ya ohm 50.

Hapo ubora wa resoneta ndio hakimu. Kwenye 920 MHz, ubora wa 1,000 maana yake mwangwi una upana wa 0.92 MHz. Ndani ya nafasi ya 3.8 MHz inawezekana. Ubora ukiwa 400 upana ni 2.3, na hakuna uchawi wa kusanifu utakaokuokoa.

nalubaale_rf

Asanteni sana, ssebo zangu. Nimegawa upya kwa uwiano wa 2, hatua nne, na resoneta za grandi nimezitawanya. Uzuiaji kwenye 880 hadi 915 unafika 52 dB kwenye saketi safi. Nikiweka nyaya za kuunganishia na grandi ya kifurushi, 1 nH moja ya pamoja kwa resoneta zote za grandi, unarudi chini ya 35. Hilo ni kosa la mfano au ndivyo ilivyo?

La pili: nikichora kwenye maski, gridi ya mchoro ni nanomita 5. Inatosha?

Mhandisi_Owen_Falls

Ndivyo ilivyo, na ni vizuri umeliona kabla ya kukata fuwele. 1 nH kwenye 942 MHz ni karibu ohm 6. Resoneta ya grandi kazi yake ni kuipeleka ishara chini, na wewe umeiwekea zote mlango mmoja wa ohm 6. Mkondo wa hatua ya kwanza unapita hapo, unajenga volti, na volti hiyo inapanda tena kupitia resoneta ya mwisho hadi kwenye kutokea. Ishara imeikwepa ngazi nzima. Gawanya grandi: hatua za mwanzo zitoke kwa njia yake, za mwisho kwa njia yake, zikutane chini kwenye bodi tu. Badala ya nyaya, ambazo kila milimita ni karibu 1 nH, geuza kipande kifudifudi na ukiunganishe kwa vidonge vya metali. Induktansi inashuka mara kadhaa.

Ila usiiondoe induktansi yote kwa hasira. Ile iliyo ya resoneta moja peke yake inasukuma shimo lake chini na kuongeza umbali kati ya pointi mbili, na wasanifu wanaitumia makusudi kuzamisha shimo mahali wanapotaka. Adui ni ile ya pamoja.

Na ukifika kwenye dupleksa, yaani vichujio viwili kwenye antena moja, kumbuka kuwa kichujio cha kupokea lazima kionekane kama waya uliokatika kwenye 880 hadi 915. Anza upande wa antena na resoneta ya mfululizo, kisha weka koili ndogo kutoka antena kwenda grandi ifute kapasitansi inayobaki. Ni nH chache, utaipata kwa kuiboresha kwenye uigaji.

fuwele_nyeusi

Gridi ya nanomita 5 haitoshi, ndugu. Umbali wa kidole hadi kidole ni nanomita 2,150. Hatua moja ya nanomita 5 ni asilimia 0.23, yaani karibu 2.2 MHz, zaidi ya nusu ya nafasi yako yote ya ukingo. Tumia gridi ya nanomita 1, hapo hatua ni 0.44 MHz. Na usijumlishe umbali uliokwisha kukadiriwa, kidole baada ya kidole. Kokotoa mahali pa kila kidole kuanzia sifuri, ndipo ukadirie. Ukijumlisha, kosa linalimbikizana na reflekta za pembeni (vidole vinavyolirudisha wimbi ndani) zinajikuta nje ya awamu na vidole vya kati.

Tofauti kati ya resoneta ya mfululizo na ya grandi yenyewe ni nanomita 75 tu kwa kila kidole, kwa hiyo unaelewa kwa nini mtu wa maski lazima aambiwe mapema.

Umbali huo maski inaushika vizuri. Kinachotetereka ni upana wa kidole, unaofuata kipimo cha mwanga na muda wa kuosha, na unene wa alumini. Vidole vikiwa vipana zaidi au vinene zaidi, masafa yanashuka. Alumini iwe asilimia 8 hadi 10 ya urefu wa wimbi, kwako karibu nanomita 390. Mkato wa 42° ulichaguliwa kwa sababu ya unene huo: kwenye mkato wa zamani wa 36°, wimbi lilikuwa linavuja ndani ya fuwele alumini inapokuwa nene. Kwa kuwa akisi ya kila kidole ni kubwa, reflekta za vidole 20 hadi 30 kila upande zinatosha. Mtu aliyezoea kwatzi ataweka 200 na kupoteza nafasi bure.

Kwenye kutengeneza, mambo mawili yanaua kazi. Fuwele hii inatoa chaji ya umeme inapobadilika joto. Ukiitupa juu ya bamba la moto kukausha rezisti (utando wa kuchorea kwa mwanga), cheche zinaruka kati ya vidole na kuvichoma, au fuwele yenyewe inapasuka. Agiza ile iliyotiwa weusi, ambayo imepunguzwa oksijeni ili chaji itoroke, na hata hiyo ipashe moto polepole. La pili ni alumini tupu: kwa nguvu kubwa, mtikisiko unazisogeza chembe za metali, vinazuka vilima, kisha vidole viwili vinagusana. Weka shaba kidogo, asilimia 0.5 hadi 1, na tabaka jembamba la titani chini yake.

spektra_gulu (Gulu)

Naomba niliseme hili la joto kwa uzito zaidi, maana watu hulichukulia kama sharti la karatasi. Simu ya boda iliyofungwa kwenye usukani, hapa Gulu mwezi wa pili, skrini inawaka ramani, betri inachajiwa, jua la saa saba liko juu yake. Fuwele ndani haiko nyuzi 25.

Kwa kichujio cha kupokea ni kusogea tu. Kwa kile cha kutuma ni hatari, kwa sababu ukingo wake mgumu ni wa juu, 915. Kikipata joto, ukingo unashuka na kuingia kwenye mkanda. Upotevu unaongezeka, nguvu iliyopotea inakuwa joto, ukingo unashuka tena. Simu ya LTE inatoa 23 dBm kwenye antena, kwa hiyo kichujio kinapokea zaidi ya hapo. Tiba ya kwanza ni kuigawa resoneta ya mfululizo iliyo karibu na amplifaya iwe mbili zinazofuatana, kila moja na kapasitansi mara mbili. Impidansi inabaki ile ile, eneo linakuwa mara nne, nguvu kwa kila mikroni inabaki robo. Tiba ya pili ni kufunika vidole kwa dioksidi ya silikoni, ambayo tofauti na fuwele nyingi inakuwa ngumu inapopata joto. Zile sehemu 40 kwa milioni zikishuka hadi 20, mwendo wako wote wa joto unakuwa karibu 2.1 MHz badala ya 4.2, na nafasi ya ukingo inapanda kutoka 3.8 hadi karibu 5.9. Ila tabaka hilo linapunguza muunganiko wa umeme na mtikisiko, ndiyo maana wengi wakilitumia huhamia lithi niobati, yenye muunganiko mkubwa wa kuanzia. Huko nako linakuja tatizo la mawimbi ya pembeni, yanayochora meno ndani ya mkanda.

Kwa nalubaale: kabla ya kutafuta pa kutengenezea, jifunze kupima. Rimoti nyingi za magari na mageti zina resoneta ya SAW ya 433.92 MHz, ya kwatzi, yenye kifuniko cha chuma. Ing'oe, ilehemu kwenye bodi ndogo ya FR4 ya milimita 0.8. Njia ya ohm 50 hapo ni upana wa karibu milimita 1.5. Toboa matundu mengi ya grandi kati ya kuingilia na kutokea, la sivyo utapima kuvuja kwa bodi na kukuita uzuiaji. Fanya kalibresheni mwisho wa nyaya, si kwenye mashine.

NanoVNA (mashine ndogo ya kupimia saketi za redio) ya kwanza inapima pointi 101. Ukitandaza 200 MHz, kila hatua ni 2 MHz, na resoneta ya kwatzi yenye ubora wa 10,000 ina upana wa karibu 43 kHz. Hutaiona kabisa. Tandaza 500 kHz tu, hatua ziwe karibu 5 kHz. Kutokana na mchoro huo toa C0, Lm, Cm na Rm, kisha zirudishe kwenye Qucs uone kama mistari inalalia. Kwenye kwatzi Cm itakuwa karibu sehemu moja ya elfu ya C0, na hapo utaona kwa macho kwa nini hakuna anayejenga kichujio chenye upana wa 35 MHz kwa kwatzi japokuwa haiyumbi sana kwa joto.

Ukija kupima Bendi ya 8 yenyewe, mashine hiyo ya kwanza haifai. Juu ya 300 MHz inatumia harmoniki, na kufika 900 umebaki na karibu 40 dB za kuonea. Uzuiaji wa 50 utaonekana kama kelele. Tafuta ile ya V2 inayofika 3 GHz, pima 870 hadi 980 kwa hatua za 0.25 MHz, kwanza bila kichujio, njia ikiwa imekatika kati ya kuingilia na kutokea. Namba utakayoiona hapo ndiyo kikomo cha bodi yako. Kama ni −45, usimlaumu mchora vidole.

nalubaale_rf

Nimeelewa. Naanza na rimoti wiki hii, na grandi nazigawa mbili kwenye uigaji. Swali dogo la mwisho kwa fuwele_nyeusi: kapasita ya nyuzi 90, vidole vyake navipa umbali upi?

fuwele_nyeusi

Umbali wowote ambao mwangwi wake hauangukii ndani ya 880 hadi 960 wala kwenye masafa mengine unayotakiwa kuyazuia. Wengi huuchagua mdogo kuliko wa resoneta, kapasitansi zaidi ipatikane kwenye eneo dogo na mwangwi wowote uliobaki upande juu ya mkanda. Usishuke chini ya upana ambao maski yako imethibitishwa, na uiweke pembeni, isikae kwenye njia ya wimbi la resoneta jirani.